Kilo za Binti Yangu

Kwa miaka zaidi ya arobaini kazi yangu ilikuwa kusoma mizani kwa sauti. Siku za soko nilikuwa nanunua viazi na maharagwe Musienene, navileta kwenye depo yangu, ghala langu la Butembo, mashariki mwa Kongo, na kutoka hapo vingine vilishuka Beni. Mkulima akiweka mfuko wake juu ya baskule, ile mizani kubwa ya chuma yenye ubao wa kukanyagia chini, mimi nilisogeza chuma kidogo kwenye mkono wa mizani mpaka ukatulia, kisha nikapaza sauti. Mwenye mfuko asikie, jirani yake asikie, na anayepita njiani asikie. Wengi hawakujua kusoma. Kwetu mtu aliyepima kimya alikuwa mwizi. Mimi sikuwa mwizi, na nilijivunia hilo. Ninalisema mapema kwa sababu kosa langu lilitoka hapohapo, mahali nilipoheshimiwa.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Kayna, kabla ya sisi kuhamia Butembo. Mwaka ule tulikula muhogo asubuhi na jioni. Alipokaribia miaka miwili mashavu yake yakaanza kujaa, na miguu ikawa minene. Mimi na mke wangu tulifurahi. Nilimbeba sokoni ili watu wamwone. Mama mmoja aliyeuza chumvi alimtazama miguu, akageuza uso haraka. Tulipompeleka kituo cha afya, muuguzi alibonyeza mguu kwa kidole na shimo likabaki. Akatuambia ule si unono, ni maji. Ni bwaki, mtoto anakufa kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Alikufa siku ya nne.

Tangu siku hiyo sikuamini tena macho yangu. Niliamini mizani.

Binti yetu alipozaliwa, tayari tulikuwa Butembo. Kila Jumamosi nilimketisha juu ya mfuko wa maharagwe ambao uzito wake niliujua, nikapima vyote viwili, nikatoa uzito wa mfuko kwa hesabu ya kichwani, nikatangaza kilichobaki. Wanawake waliokuwa wanachambua maharagwe walipiga makofi. Kilo ikiongezeka, alipata andazi. Isipoongezeka, nilimgombeza mama yake. Mezani nilikuwa na neno moja tu: maliza. Mtoto yule alimaliza. Alijifunza kumaliza kabla ya kujifunza kushiba, na mwalimu wake nilikuwa mimi.

Alipofika miaka kumi na minne alikuwa mnene kuliko wenzake wote wa darasa. Siku moja aliniletea chakula depo, amevaa sare ya shule, sahani imefungwa kwa kitambaa. Wapakiaji walikuwa wamemaliza kupakia lori, kamyo kama tunavyoliita, wamekaa juu ya mifuko mitupu. Mmoja akasema:

"Muzee, na ule mufuko wa mwisho, haupime?"

Walicheka. Nami nilicheka. Ningeweza kumwambia mtu yule anyamaze. Nilikuwa bosi wake. Badala yake nilimwambia binti yangu, "Panda." Akanitazama kuona kama ninatania, akapanda. Na mimi, kwa mazoea, kwa sauti ileile ya sokoni, nikapaza:

"Kilo tisini na mbili!"

"Eeeh! Huyu, bwana yake atakuja kumuchukua na kamyo!" akadakia yuleyule mpakiaji.

Binti yangu alishuka. Alitabasamu, hilo ndilo lililonidanganya. Alisubiri nile, akabeba sahani tupu, akarudi nyumbani. Mimi nilihesabu ile kuwa siku ya kicheko. Miaka mingi baadaye mama yake ndiye aliyeniambia kwamba tangu siku hiyo hakukanyaga mizani tena, hata alipokuwa na mimba na wauguzi wakamsihi.

Akaolewa Beni, akafundisha shule ya msingi, akazaa wasichana wawili. Mumewe alifariki kwa ugonjwa wa ini. Kilo ziliendelea kupanda. Magoti yakaanza kuuma, kisha presha, kisha sukari. Alijaribu kupunguza bugali, yaani ugali, alijaribu kutembea, alishuka kidogo, akapanda zaidi. Alipokuja kututembelea, mimi nilikuwa naye kwa midomo miwili. Mama yake akipakua, nilisema, "Muongezee, amechoka safari." Akienda kuketi, nilisema, "Kile kiti hapana, kitavunjika." Nilisema yote mawili ndani ya saa moja, na sikuona ajabu.

Kisha ikaja asubuhi ya filimbi.

Watu wa Beni wanajua ninachosema. Wauaji wa msituni wakikaribia mtaa, watu hupuliza filimbi na kupiga masufuria, na kila mwenye miguu hukimbia. Binti yangu alitoka na watoto wake, mkubwa wa miaka kumi na mitatu na mdogo wa miaka tisa. Hawakufika mbali. Mwisho wa barabara yao pumzi ilimwishia, magoti yakakataa, akaketi chini. Mwenye pikipiki alipita, akapunguza mwendo, akamtazama.

"Mama, pikipiki yangu iko moja tu," akasema, akaenda.

Akawaambia watoto wakimbie na majirani. Walikataa. Akawapigia kelele, akawatukana, akamtupia mkubwa kiatu. Yule mkubwa alikiokota, akamvisha mama yake, akaketi kando yake. Mdogo naye akaketi. Wakakaa hapo watatu, katikati ya barabara tupu, mpaka masufuria yakanyamaza. Siku ile wauaji hawakufika mtaa wao. Hakuna sababu nyingine ya wao kuwa hai.

Wiki hiyohiyo walikuja kwetu Butembo. Na mimi, tazama nilivyo: kesho yake tu nilimchukua yule mdogo depo, nikaona amekonda kwa hofu, nikamketisha juu ya mfuko wa maharagwe, nikapaza, "Kilo ishirini na tatu!" Nilipogeuka, binti yangu alikuwa mlangoni. Alimshika mtoto mkono, wakaenda.

Siku chache baadaye alituketisha sebuleni, mimi, mama yake, na dada yangu mkubwa, ambaye kwetu ni shangazi na kwa hiyo neno lake ni zito kuliko langu katika mambo ya mtoto wa kike. Akasema ameamua, au karibu ameamua, kwenda Kampala kupasuliwa tumbo ili lipunguzwe. Pesa alikuwa ameweka; hakutuomba hata franga.

"Wapi!" dada yangu akasema. "Mudogo wangu, uko nasikia? Mutu muzima anaenda kujipasulisha. Mungu alikosea kumupima?"

"Shangazi, mi siko muzima. Niko na sukari, niko na presha."

"Na ukikonda, batasema nini? Hapa Butembo mutu akikonda hawamuulize kama alikula. Batasema iko na ile ugonjwa. Batoto bako nani atabaoa?"

"Kama bako hai, bataolewa."

Mke wangu aliangalia sakafu. Wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno la mzazi. Nikasema:

"Tatizo ni mudomo tu. Ufunge mudomo, umuombe Mungu nguvu. Kisu hapana."

Binti yangu alinigeukia. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu angekuwa nayo.

"Papa," akasema, "huu mudomo, ni nani aliufungua?"

Dada yangu alianza kukunja na kukunjua kitambaa chake.

"Ile siku nilibaambia bakimbie," akaendelea. "Hawakukimbia. Siku ingine pia hawatakimbia, nabajua. Donc nikae hivi, nangoja ile siku? Mi naogopa kisu, Papa. Naogopa sana. Mais ile barabara naiogopa zaidi."

Kesho yake nilikwenda naye kwa daktari. Sikualikwa, nilivaa koti langu la kanisani, nikamfuata. Daktari alikuwa kijana mpole, na hakumvutia upande wowote. Alisema watakata sehemu kubwa ya tumbo, litabaki jembamba kama ndizi. Alisema mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda, na wapo wachache wanaokufa. Akasema baada ya hapo atakula vijiko vichache kwa mara moja, atameza vitamini maisha yake yote, na akirudia desturi ya zamani kilo zinaweza kurudi. Kwa upande mwingine, alivyo sasa, sukari na presha havitamngoja azeeke. Aliyasema yote kwa utaratibu, kisha akamuuliza binti yangu mwenyewe anaonaje. Nilishtuka kidogo. Katika miaka yake arobaini sikuwa nimewahi kumuuliza hivyo.

"Naona niende," akasema.

Daktari akataka kuandika barua kwa wenzake wa Kampala. Ulihitajika uzito. Mizani ya pale ilifika mwisho wake, mshale ukagonga ukingo na kubaki ukitetemeka.

"Tafuteni mizani kubwa," daktari akasema kwa aibu. "Hata ya bidhaa, mradi ni sahihi."

Tulitembea kurudi polepole, tukisimama kila baada ya nyumba chache ili apumzike. Sote wawili tulijua mizani kubwa iko wapi.

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu, Jumapili, baada ya ibada, alikuja mlangoni pa chumba changu.

"Papa, tuende."

Depo ilikuwa tupu, inanuka vumbi la maharagwe. Nilifunga mlango mkubwa, nikaweka komeo, nikaziba dirisha kwa mfuko, ingawa hakukuwa na mtu uani. Nilifuta ubao kwa mkono wa koti. Kabla ya kupanda aliniambia:

"Mama atanisindikiza Kampala, alishakubali. Wewe utabakia na batoto. Siombe ruhusa yako, Papa. Naomba kitu kimoja: usibapime. Na usibaambie bamalize."

"Nimesikia."

"Sema."

"Sitabapima. Sitabaambia bamalize."

Akavua viatu, akapanda. Alishika bega langu ili asianguke, na uzito wa mkono wake nauhisi hata sasa. Nilisogeza chuma. Ikabidi nirudie mara tatu. Mkono wa mizani ulipotulia, kifua changu kilijaa hewa chenyewe na mdomo ukafunguka, kama ulivyofunguka juu ya maelfu ya mifuko. Binti yangu alifumba macho. Alikuwa anangoja.

Niliufunga mdomo. Nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika namba, nikakikunja, nikampa. Siiandiki hapa pia.

Aliposhuka alikisoma, akakaa juu ya mfuko wa maharagwe kama alivyokaa akiwa mtoto. Mimi nikakaa chini, juu ya ule ubao. Nikamwambia kuhusu yule wa kwanza, yule wa Kayna, na jinsi nilivyombeba sokoni kwa furaha huku anakufa. Alijua kwamba alikuwapo ndugu aliyekufa. Hilo la furaha hakulijua. Nikamwambia pia kuhusu siku ya sare ya shule, kwamba ningeweza kumnyamazisha yule mtu na sikufanya hivyo, kwa sababu nilipenda kucheka pamoja na wanaume kuliko kumlinda. Sikusema nilikuwa natania. Nilikuwa nimejiandaa kulisema hilo kwa miaka, na lilipofika ulimini nikaliona ni uongo.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wasingya," akasema. Kwa Kinande chetu ndiyo asante. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza.

Waliondoka Jumanne kwa njia ya Kasindi, mpakani mwa Uganda, yeye na mama yake. Dada yangu alikuja kuwaaga, akanung'unika kama kawaida, kisha akamfunga binti yangu kitenge chake kipya mabegani kwa ajili ya baridi ya hospitali. Jana walipiga simu: madaktari wanateremsha kwanza sukari, upasuaji utakuwa wiki ijayo ikiwa itakubali kushuka. Sijui itakuwaje. Usiku na mchana ninaomba kwamba aamke pale kwenye meza ya upasuaji. Sina ombi lingine.

Leo tumekula bugali na maharagwe, mimi na wajukuu wawili. Yule mdogo alikula nusu, akaweka kijiko chini, akanitazama. Ana mikono myembamba bado. Ndani yangu yule baba wa Kayna alisimama, akataka niseme lile neno langu.

"Umeshiba?" nikamuuliza.

Alifikiri, kama mtu aliyeulizwa kitu kigeni.

"Nimeshiba, Tata."

Nikanyanyua sahani yake na ile nusu iliyobaki, nikaipeleka jikoni.