Siku Jaldesa Alipompita Erot

Siku hizi vijana wa Isiolo huchagua timu zao kwenye simu, wakinunua na kuacha wachezaji wa Ulaya ambao hawatawapa mkono maishani, lakini enzi zetu tulichagua watu waliokaa mbele yetu mavumbini, na uliyemwacha ulikutana naye kesho yake dukani.

Mgao ule wa wachezaji haukumbukwi tena. Nimewauliza walimu wa hapa, watu wenye vyeti, wakanitazama kama ninayeota. Mimi sina cheti. Nilijifunza kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa sukari. Basi acha niandike mimi.

Baada ya ile miaka mibaya ya vita vya shifta, waasi wa kaskazini na serikali, wazee wa mji walikataa timu za kabila. Kila mwezi wa nane, Jumamosi moja kabla ya mashindano, wachezaji wote, Mborana, Mturkana, Msomali na Mmeru, walikaa mstari mmoja kando ya uwanja. Wachaguzi watatu tulivuta vijiti, kisha tukachagua kwa zamu, mtu mmoja mmoja, mpaka kila timu ikapata kumi na wanne. Bule alichagulia mtaa wa Kambi Juu, mimi Kambi Garba, na Bula Pesa walikuwa na Jaldesa Doyo.

Jaldesa alikuwa dalali wa ng'ombe. Mpira hakuujua. Sheria ya kuotea nilimweleza kwa mawe na vijiti, akaniambia hiyo ni fitina ya Waingereza. Lakini kati ya mashindano manane, matano alichukua yeye, kwa sababu hakuja kutafuta mchezaji mzuri. Alikuja kujua ni yupi wa kumwacha.

Kwenye mnada kuna ujanja ambao kila dalali anaujua. Mwenye ng'ombe aliyekonda humlambisha chumvi tangu jana, asubuhi anamnywesha mpaka tumbo linajaa, na mnunuzi mgeni anaona mnyama mnene. Jaldesa aliwatazama wachezaji kwa jicho hilohilo. Mwaka wa sabini na sita mji mzima ulimwimba Robow, aliyefunga mabao matano siku moja. Nilipanga kumchukua wa kwanza.

"Huyo amenyweshwa maji," Jaldesa aliniambia tukinywa chai.

"Mabao matano, Jaldesa!"

"Aliwafunga nani? Vijana wa Biliqo. Walishuka kwenye lori la mbuzi wakaingia uwanjani. Hata mama yako angewafunga."

"Mama yangu ana miaka sabini."

"Basi angewafunga matatu."

Nilimchukua Robow. Hakufunga hata moja. Mwaka uliofuata Bule alimpigania Hirsi, golikipa aliyeruka kama paka watu wakishangilia, kumbe mvua ikinyesha na uwanja ukiwa mtupu anasimama kama nguzo. Jaldesa alikuwa amemwona siku ya mvua. Tukaanza kumwogopa. Mchezaji akisifiwa, hatukumtazama mchezaji. Tulimtazama Jaldesa.

Sasa niseme habari za Erot. Alikuwa Mturkana wa Ngaremara, winga wa kushoto, na sifa zake zilikuwa za kweli. Alipokuja mjini kutafuta vibarua alilala nyumbani kwa Jaldesa miaka mitatu. Abiba, mke wa Jaldesa, alimfulia jezi. Siku za Ramadhani Erot, Mkristo, alikataa kula mchana mbele ya watu wa nyumba ile, na Abiba alikuwa akimfokea, "Wewe si wa dini yetu, kula, usiniletee dhambi!"

Mwaka wa sabini na tisa, mkubwa wa idara moja ya serikali alitangaza kwamba atawaajiri wachezaji watatu watakaong'aa kwenye mashindano. Kazi ya kudumu, yenye nyumba. Erot alikuwa na mke na mtoto kule Ngaremara, na mbuzi wake walikuwa wamekwisha. Hakuna aliyehitaji kuchaguliwa mwaka ule zaidi yake, na mji wote ulisema atakuwa wa kwanza.

Wiki moja kabla ya mgao, Jaldesa aliona kitu. Erot alipoketi mkekani kwa chakula alitanguliza mkono chini, kisha akaunyoosha mguu wa kushoto mbele yake. Zamani aliukunja. Jaldesa alijua goti limeharibika, na kwamba sifa alizobeba Erot zilikuwa za mwaka jana.

Mnadani kuna adabu ambayo vijana wa sasa wanaicheka. Ukiona kilema cha mnyama wa mwenzako, husemi mbele ya watu. Unampapasa mgongoni, unasema Mungu ambariki, unaenda zako. Ukisema, umemharibia mwenye mali soko. Jaldesa aliishi kwa adabu hiyo miaka thelathini. Alifanya kosa moja tu, kuipeleka kwa mtu badala ya mnyama.

Siku ya mgao kijiti kirefu kilimwangukia yeye. Watu walianza kupiga makofi kabla hajafungua mdomo. Erot alikuwa ameshainuka nusu.

"Lowoi," akasema Jaldesa, akimtaja kijana mwingine mstarini.

Erot akakaa tena, kwa kutanguliza mkono.

Zamu yangu ilifuata. Nilimtaka Erot. Nilikuwa nimemtaka mwaka mzima. Nikamtazama Jaldesa, uso wake umefungwa, nikawaza, kama aliyelala naye nyumba moja amempita, lipo jambo. Nikataja jina lingine. Bule akataja lingine. Zikaja zamu za pili, za tatu, na kila moja tulimkwepa zaidi, maana sasa aliyempita mara mbili angeonekana mjinga kumchukua mara ya tatu. Mstari ulipungua mpaka timu zote zikajaa, wakabaki watatu wasio na timu: mwenye malaria, mzee mmoja wa miaka arobaini aliyekuja kwa mazoea, na Erot.

Mtu fulani nyuma akasema kwa sauti, "Mturkana ametupwa." Neno hilo lilizunguka uwanja kabla Erot hajavaa viatu vyake.

Jaldesa aliniambia baadaye kwamba alitaka kuzungumza naye nyumbani baada ya swala, kwa siri, amshauri apumzishe goti. Erot hakurudi nyumbani. Abiba aliweka chakula chake. Asubuhi yake alikuja mvulana wa Ngaremara kuchukua nguo.

Kazi zile tatu walipewa wengine. Mwaka uliofuata Ngaremara walileta timu yao wenyewe, na Erot alicheza. Goti lilimwishia palepale, kipindi cha kwanza. Kisha Wasomali wakaunda timu yao, Wameru yao, na mgao ukafa. Watu wanasema ulikufa kwa siasa. Ulikufa kwa sababu wachaguzi watatu walikaa kimya, na mmoja wao ni mimi.

Nilimwona Erot tena mwaka wa themanini na nne, ule wa ukame, mnadani. Alikuja na mbuzi wanne, mifupa mitupu, akichechemea. Jaldesa alikuwa pale, amezeeka ghafla, maana ng'ombe wa kutafutiwa bei hawakuwapo tena.

"Erot," akaita. "Walete hapa, nitakutafutia mtu."

"Asante, mzee. Nimeshapata."

Hakuwa amepata. Alisimama upande wa pili na hakuna aliyemkaribia. Nikamfuata. Nikamwambia yote: goti, mkeka, adabu ya mnada, na kwamba mimi nilimtaka nikaogopa.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Goti lilikuwa langu, Adano," akasema. "Unadhani sikujua? Nilitaka mechi tatu tu. Ningelifunga kitambaa, ningepata kazi, halafu livunjike likitaka."

"Jaldesa hakukusudia ubaya."

"Najua. Lakini nilikula naye sahani moja. Angeniambia pale pale kwenye mkeka: Erot, Jumamosi nitakupita. Nisingekaa mbele ya mji mzima nikingoja." Akamsukuma mbuzi mmoja kwa fimbo. "Na wewe ulinitazama machoni ukataja mtu mwingine."

 

Niliporudi, Jaldesa aliniuliza, "Amesema nini?"

"Amekusalimia."

Alinitazama usoni. Alikuwa mtu wa kutazama. "Salamu zimefika," akasema.

Mwezi uliofuata alipanda lori kwenda kwa ndugu zake Sericho na akazikwa huko. Erot, nasikia, alihamia Lodwar. Lakini mchana ule wote wawili walikuwa bado mbele ya macho yangu. Adhana ya adhuhuri ilianza, Jaldesa akajikung'uta vumbi akaelekea msikitini, na upande wa pili Erot akashika barabara ya Ngaremara na mbuzi wake wanne, hajauza hata mmoja. Niliwatazama kwa zamu mpaka sikuweza tena kumwona yeyote.