Bakora ya Dakika Arobaini na Tano

Wazo la kuwapa mameneja wa zamani bakora lilikuwa langu, na nalikiri mapema kabla hujalisikia kwa wengine. Mwenyekiti wa klabu alitaka tuwape vyeti. Nikasimama kikaoni nikasema cheti huliwa na mchwa, lakini bakora, ile fimbo ya mpini uliopinda ambayo mzee wa Garissa hatoki nyumbani bila kuishika, hudumu kuliko mwenyewe. Wote wakaafiki. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza itakuwaje tukiwasimamisha pembeni mwa kiwanja wanaume tisa ambao wengi wao walifutwa kwa sababu ya hasira, kisha tumkabidhi kila mmoja fimbo mpya.

Mimi sikujiuliza kwa sababu moyo wangu ulikuwa na shughuli nyingine. Nilitaka na mimi nipewe.

Nieleze. Miaka kumi na miwili nyuma nilikuwa golikipa wa akiba wa klabu hii, kazi ambayo kwa kweli ni ya kulinda viatu vya wenzako. Siku moja tulikwenda mapumziko tukiwa tumefungwa matatu kwa bila. Simu ya meneja ikalia. Ngamia wake wa maziwa alikuwa amepotea malishoni. Kwetu, mtu aliyepotelewa na ngamia haulizwi swali. Meneja akatazama benchi lote, macho yakaniangukia mimi, akasema, "Shika hawa mpaka nirudi."

Hayo ndiyo maneno ambayo mchungaji humwambia mwenzake anapomwachia mifugo, na ukishaitikia, umebeba amana. Nikaitikia, "Haye." Akaondoka mbio, shuka begani, akapotelea kwenye vumbi. Nilisimama kipindi kizima cha pili, nikapiga kelele mpaka sauti ikaisha, na hatukufungwa tena. Kufunga hatukufunga, sitasema uongo, lakini kufungwa hatukufungwa. Meneja hakurudi jioni ile, wala wiki ile, wala mwaka ule. Klabu ikaajiri mwingine, nami nikarudi kulinda viatu bila mtu kuniambia hata pole.

Kwa hiyo katika historia nzima ya klabu yetu, mimi ndiye meneja pekee ambaye hajawahi kufungwa bao. Jambo hili nimeishi nalo. Kuna watu wanaolala wakiwaza mashamba yao. Mimi nilikuwa nawaza dakika zangu arobaini na tano.

Shida ni kwamba sasa ndimi katibu, na orodha ya wa kuheshimiwa niliiandika mimi. Mtu hajiandiki mwenyewe. Nilipoisoma kikaoni nilifika jina la tisa nikauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kuna aliyesahaulika. Mjumbe mmoja akakohoa, nikainua macho kwa matumaini makubwa. Alikuwa amepaliwa na chai.

Nyumbani mke wangu akaniambia nijitaje tu yaishe.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," nikamjibu.

"Umejiuza miaka kumi na miwili," akasema, "mnunuzi yuko wapi?"

Nilikasirika nikanywa maji glasi mbili. Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa bakora, na aliponiuliza ngapi, ulimi ukasema kumi. Sitasingizia kuteleza. Nilijipa moyo kwamba siku yenyewe mwenyekiti ataona moja imebaki, atauliza ya nani, na katika umati wote ule atapatikana mtu mmoja mwenye kumbukumbu.

Siku ikafika, baada ya swala ya alasiri, jua likiwa limepungua kidogo ukali. Mameneja wanane walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya mchanga tunaouita uwanja. Wa tisa, yule wa ngamia, alikuwa njiani kutoka Bute, anakoishi siku hizi, na njia ya Bute haina ahadi. Mwenyekiti akaamua bakora zitolewe kabla ya mechi, wazee wasichoke. Kila mzee aliitwa, akapokea, akaipima kwa kuigonga chini mara mbili, akarudi kukaa. Watu wakapiga makofi. Zikabaki bakora mbili mezani, nami nikanyoosha kola ya shati.

"Moja ni ya mgeni wa Bute," mwenyekiti akasema kwenye maikrofoni. Akaishika ile nyingine, akaigeuzageuza. "Na hii? Hii fundi amekosea hesabu." Akaiweka chini ya meza.

Fundi hakukosea! Nilitaka kulia. Badala yake nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba shughuli inaendelea vizuri.

Mechi ya kirafiki ilikuwa kati yetu na vijana wa soko la mifugo, na refa alikuwa mwalimu mpole kutoka bara asiyejua alichoingia. Dakika ya tano hakukuwa na mzee aliyekuwa kitini. Wanane wote walikuwa kwenye mstari, kila mmoja akiichunga timu kwa fimbo yake: huyu anaelekeza kulia, huyu kushoto, mwingine anapiga mluzi ule wa kugeuza ngamia. Winga wetu, mtoto wa wafugaji, aliposikia mluzi ule aligeuka kwa mazoea akakimbilia goli letu. Mpira ulipotaka kutoka nje, mzee mmoja aliuvuta kwa mpini wa bakora akaurudisha ndani, akasema umetoka kwa upepo.

Refa akaja, akajikaza kiume, akamwonyesha kadi nyekundu.

Mzee akaipokea kwa mkono wa kulia. Akaitazama mbele na nyuma, akaipuliza vumbi, akaitia mfukoni.

"Asante sana, bwana refa," akasema kwa adabu. "Hii mimi nabeleka nyumbani, watoto waone."

"Mzee, hiyo kadi ni yangu."

"Wallahi umetoa kwa mkono yako. Kitu ya heshima hairudishwi."

Papo hapo wale saba wakamzunguka refa wakitaka kujua kwa nini mwenzao kapewa na wao hawakupewa. Mmoja akasema yeye ndiye aliyeipandisha timu daraja, na ikiwa kuna kadi basi ya kwanza ingekuwa yake. Refa akatafuta mfukoni, akawapa ile ya njano wagawane. Tangu hapo mechi iliendelea bila kadi yoyote, kwa kuaminiana.

Wakati wa mapumziko mwenyekiti alimwonea huruma refa. Akainama chini ya meza, akatoa ile bakora iliyozidi, akampa. "Chukua, mwalimu, walau ukizingirwa uwe na kitu." Nikaiona bakora yangu ikiingia uwanjani kipindi cha pili mkononi mwa mtu ambaye hata hajui kuishika, aliikamata katikati kama mwiko. Hapo nilikata tamaa, na aliyekata tamaa haoni haya: niliketi nikaacha kuandika.

Mechi ilikuwa inamalizika gari dogo la mizigo liliposimama nyuma ya goli, akashuka mzee mwembamba, mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuja na bakora yake ya zamani, imechakaa, ncha imeliwa. Mwenyekiti akamkimbilia na ile mpya. Mzee akaipokea, akashukuru, lakini hakukaa. Alikuwa akitazama nyuso, uso baada ya uso, mpaka akafika kwangu.

Akaja akasimama mbele yangu. Alisema Kisomali, na uwanja mzima ukasogea kusikiliza, hata wale wanane.

"Nilikuachia kumi na mmoja," akasema. "Wako wapi?"

Kwetu mwenye mifugo akirudi, aliyeachiwa hutoa habari ya kila mmoja. Nilisimama bila kujijua. Nikamwambia golikipa anauza nyama sokoni. Mabeki wawili wanaendesha malori ya Mandera, wa tatu anafundisha Hagadera, wa nne ameolea Lafey na amenenepa hafai. Viungo watatu wako hapa hapa mjini, mmoja ana tuktuk. Mawinga wote wawili wamevuka bahari, wanapiga simu sikukuu. Na mshambuliaji, nikasema, yule mfupi, mto Tana ulimchukua mwaka wa mafuriko.

"Inna lillahi," akasema, akainamisha kichwa. Kisha akauliza, "Na mabao?"

"Uliniachia matatu, adeer," nikasema, nikimwita ami kwa heshima. "Yako matatu vilevile."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeridhika na hesabu. Nikathubutu kumuuliza kama yule ngamia alipatikana. Akasema nyayo zilimfikisha Wajir, kutoka Wajir akaambiwa ameonekana Bute, na Bute akakuta si wake. Akaona aibu kurudi mikono mitupu kwa timu aliyoitupa. Siku zikawa miaka.

"Hao waliokuja baada yangu," akasema akiwageukia wenzake na mwenyekiti, "sikumwachia hata mmoja wao. Nilimwachia huyu. Leo nimerudi." Akanigeukia tena. "Umechunga vizuri. Sasa achilia."

Akanitia ile bakora mpya mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake kwa mikono yake miwili yenye vumbi. Nilikuwa na maneno yaliyoandaliwa kwa miaka kumi na miwili, mazuri sana, na sikulikumbuka hata moja. Nililia mbele ya klabu nzima na vijana wa soko la mifugo.

Mwenyekiti akanong'ona kwenye maikrofoni, akidhani imezimwa, "Kumbe na huyu alikuwa meneja?"

"Mpaka sasa hivi," mzee akasema.