Mshauri Asiyewahi Kupanda Ndege

Kwa miaka kumi na mmoja, kila mwanafunzi wa chuo cha kilimo kilicho nje kidogo ya Runyenjes aliyechaguliwa kwenda Ujerumani alipitia kwanza kwa Madam Ednah Ruguru, karani wa ofisi ya mkuu. Walikwenda wanane kila Juni, wakakaa wiki sita kwenye mashamba ya huko wakifanya kazi na kujifunza, wakarudi mwisho wa Julai. Ruguru mwenyewe hakuwa amevuka hata mpaka wa Namanga. Mbali kabisa alikowahi kufika ni Mombasa, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, na alikwenda kwa basi.

Ilianza hivi. Kundi la kwanza liliporudi, kijana aitwaye Ngari alileta fomu ofisini akasema, kwa uchungu wa mtu aliyeteseka kweli, kwamba Jumapili yake ya kwanza kule alishinda na njaa. Maduka yote yalikuwa yamefungwa na hakuna aliyekuwa amemwambia. Ruguru alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka. Akatoa daftari la jalada gumu, akaandika: Nunua chakula Jumamosi. Akamvutia Ngari kiti, akammiminia chai.

"Haya, niambie na mengine."

Tangu siku hiyo hakuna aliyerudi kutoka Ulaya akaachwa apite bila kuketi mbele ya meza ile. Daftari likajaa, la pili likaanza. Kila Mei Ruguru aliwakusanya wanaosafiri akawafunda kama bibi harusi anavyofundwa. Pasipoti itolewe nakala mbili, moja ibaki kwa mama, nyingine ikae kwenye begi lingine. Tikiti ya basi au treni ya mjini itiwe muhuri kwenye kijisanduku, la sivyo mkaguzi atakutoza faini na huku umelipa. Njia nyekundu kando ya barabara ni ya baiskeli, na mwenye baiskeli hapunguzi mwendo kwa ajili yako. Dawa zako zisafiri na barua ya daktari. Ukialikwa saa tisa, ni saa tisa, si saa tisa ya Runyenjes. Na sweta, beba tatu, kwa maana kundi la tatu lilinyeshewa wiki sita mfululizo.

Jambo moja alilisema akiwa amesimama. "Ukipotezana na wenzako, shuka kituo kinachofuata, ukae chini ya saa ya kituo. Usitangetange. Wawili watarudi kukuchukua, wengine waendelee na safari."

"Madam, wewe ulikaa huko miaka mingapi?" mmoja aliuliza mwaka fulani.

"Mimi nilikaa hapa hapa," alijibu, "nikisikiliza."

Mwaka jana, mwezi wa Februari, Mwalimu Mbogo aliyekuwa akiongoza makundi yote alipata kazi Isiolo, akahama. Mkuu wa chuo, Linda Kinya, mama wa Kimeru asiyependa maneno mengi, alimwita Ruguru ofisini.

"Madam, una pasipoti?"

"Sina."

"Basi nenda Embu kesho ukaiombe. Kundi la mwaka huu utalipeleka wewe."

Siku hiyo Ruguru alirudi nyumbani akamkuta mumewe Muturi akipogoa mibuni. Alimweleza akiwa amesimama kwenye tuta, viatu vya ofisi vikizama udongoni. Alihisi kama mtu aliyefundisha watu kuogelea na yeye mwenyewe hajawahi kulowa.

"Watajua sijui chochote," alisema.

Muturi alikata tawi moja, akalitazama. "Mama Njoki, wewe umeenda mara kumi na moja. Ni mwili tu ambao haujafika."

Mwili ukafika katikati ya Juni. Shida ya kwanza ilikuwa katoni ya Kaimenyi, mwana wa mkulima wa Mitunguu, aliyebeba ndizi za shamba la babake kumpelekea mwenyeji wake. Tangu Nairobi wenzake walikuwa wakimwambia atanyang'anywa. Na kweli, kwenye ukaguzi wa forodha afisa mwenye glavu aliwasimamisha akafungua katoni. Ruguru akasogea mbele na Kiingereza chake cha ofisini.

"Ndizi zinaruhusiwa bila cheti," alisema. "Maparachichi tuliyaacha nyumbani. Nyama na maziwa pia."

Afisa alimtazama, akamuuliza mwenzake, kisha akaifunga katoni mwenyewe kwa utaratibu.

"Madam, uko juu," Kaimenyi alinong'ona.

Pengine sifa ile ndiyo iliyomlevya. Walipanda treni ya kwenda kwenye mji wao, safari ya saa nne. Daftari lilikuwa na onyo kwamba treni nyingine za huko hukatwa katikati njiani, nusu ikaenda huku na nusu kule, hivyo usome ubao wa behewa lako. Ruguru aliwasomea onyo hilo asubuhi ile ile, akahakikisha wote wameketi mahali pao. Baada ya saa mbili alitaka kwenda choo, na cha karibu kilikuwa kibovu. Treni iliposimama kituoni, alimwachia begi Karambu, binti wa Nkubu aliyekuwa mkubwa wa kundi, akashuka, akatembea hadi mabehewa ya nyuma, akapanda tena.

Alipotoka chooni treni ilikuwa inakwenda, lakini mto uliokuwa upande wa kushoto haukuwepo tena. Kijana mmoja abiria alimweleza kwa Kiingereza, kwa upole, kama anayetoa habari za msiba. Nusu ya mbele imeenda kaskazini. Hii inaelekea mashariki. Simu ya Ruguru ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa kaskazini.

Alishuka kituo kilichofuata. Kilikuwa kituo kidogo chenye benchi moja, saa moja kubwa ya mviringo, na bustani ya nyanya nyuma yake. Kila kiungo cha mwili wake kilimwambia atembee, atafute mtu, aulize, afanye kitu. Akakaa chini ya saa. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza alipojua ni ushauri mgumu kiasi gani aliokuwa akiwapa watoto wa watu.

Baada ya muda akaja bibi mmoja mwenye baiskeli, akaiegemeza ukutani, akaketi upande mwingine wa benchi. Walitazamana, wakaitikiana kwa vichwa. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Ruguru akatoa kwenye mkoba mdogo aliobaki nao begani kiondo, kikapu cha nyuzi alichokuwa akisuka, akaendelea. Bibi akanyoosha kidole akagusa uzi. Halafu akainama kwenye kikapu cha baiskeli akatoa soksi ya sufu, nusu imefumwa, sindano zikiwa bado zimechomekwa. Wote wawili wakacheka.

Wakafundishana. Bibi alikosea fundo la kiondo mara tatu, la nne likakaa. Ruguru alifuma mistari miwili ya soksi iliyopinda kama njia ya mbuzi. Bibi alitoa stroberi, Ruguru akatoa karanga za makadamia alizokaanga mwenyewe nyumbani. Treni mbili zilipita bila yeye kuzijali.

Treni ya tatu ilimshusha Karambu akikimbia, na Kaimenyi nyuma yake akiwa amebeba begi la Ruguru.

"Pole, Madam," Karambu alisema akihema. "Wale sita wameendelea, wenyeji watawapokea kituoni. Tumeshaongea nao kwa simu."

"Nani aliamua hivyo?"

Karambu alimtazama kama asiyeelewa swali. "Hakuna aliyeamua. Si ulitufundisha? Tulipoona hujarudi, sisi wawili tukasimama."

Ruguru alikuwa amejiandaa kuomba msamaha, lakini machozi na kicheko vilimjia kwa pamoja, ikambidi aketi tena. Yule bibi, asiyejua lolote lililosemwa, alimpigapiga mgongoni akampa stroberi zilizobaki.

Kuhusu sweta, alikosea kabisa. Mwaka ule joto lilipanda hadi nyuki wakawa wanakunywa kwenye ndoo za ng'ombe, na watu wa mji wakashinda na miguu kwenye beseni. Wanafunzi wanane wa mlimani, kila mmoja na sweta tatu, walimuuliza kila asubuhi ni ipi wavae. Mwenyeji wao, mfugaji aitwaye Jürgen, aliposimuliwa alicheka hadi akashika mlango, na Ruguru akafuta kwenye daftari sentensi iliyosema Wajerumani hawacheki. Chini yake aliandika: Tazama hali ya hewa wiki ya kusafiri, usimwamini karani.

Mei mwaka huu ukumbi wa chuo ulijaa, kwa sababu habari zilikuwa zimefika hadi Meru, na wazazi walikuja bila kualikwa. Ruguru alianza na kisa cha treni. Hakuficha kitu. Watu walipomaliza kucheka, mama mmoja anayeuza viazi soko la Gakoromone, Meru, alisimama.

"Madam, hawa umewafunda vizuri. Sasa sisi tunaobaki, tufanyeje?"

Katika miaka yote hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alifungua daftari, akalifunga. Halafu akamwona Muturi ameketi safu ya nyuma, kofia magotini.

"Baba Njoki, hili ni lako. Simama uwaambie."

Muturi alisimama polepole. "Wiki ya kwanza nilipiga simu mpaka yeye akaomba nimwachie apumue," alisema. "Kwa hivyo mpatane saa moja ya kuongea, na saa zilizobaki mmwache mtoto. Wiki ya pili nilijifunza kupika mukimo, viazi vya kuponda na mahindi. Uliungua. Wa wiki ya tano jirani aliomba aongezewe."

Akataka kuketi, lakini mama wa Gakoromone alikuwa bado amesimama, na mikono mingine sita ilikuwa imeinuliwa juu. Ruguru alivuta kiti, akampa mumewe nafasi ya mbele, akafungua ukurasa mpya.