Vitunguu vya Mama Katika Arobaini Yake

Nianze na aibu yenyewe, maana wengi wenu mlihadithiwa na watu ambao hata hawakuwepo, nao waliongeza chumvi walivyotaka: ni kweli, siku ya arobaini ya mama yangu, mbele ya wazee wa mtaa mzima, mimi Mama Ramazani, mwanamke mzima mwenye mjukuu, nilitia vidole katika sahani ya shehe nikatoa kitunguu. Sikuwa na njaa. Sikuwa nimerukwa na akili pia, ingawa nakubali kwamba kwa mtu aliyekaa pale kwenye mkeka hakukuwa na namna nyingine ya kulielewa jambo lile.

Mama alikuwa na vitunguu vyake, vile vidogo vyekundu ambavyo mbegu yake ni kitunguu chenyewe: unachomeka kimoja ardhini, kinapasuka, kinazaa kundi zima, na katika kundi hilo unaweka tena cha kupanda (ukila vyote umemaliza ukoo, hakuna duka hapa Kindu utakapokwenda kununua vingine). Kila akivuna alivifunga mafungu kwa majani yake yenyewe, akavitundika kwenye uchaga juu ya jiko la kuni ili moshi uvilinde, na hapo njo kazi yake ya kuchagua ilianza, kwa sababu kila alipopita alivibonyeza kwa kidole gumba, kilicholegea tunakula, kilichochipua tunakula, na vile vilivyobaki vigumu mpaka wakati wa kupanda hakuna mtu aliyevigusa, aje mgeni gani. Alifanya hivyo miaka mingi, mpaka vitunguu vyake vikawa vinakaa na kukaa, wakati vile vya sokoni vinavyokuja kwa ndege vimelowa huwa vimeshaoza na kusahaulika.

Wakati wa vita ndege hazikuja, treni pia haikuja. Siku tuliyokimbilia pori, upande wa Kibombo, watu walibeba magodoro na sufuria, mama akafunga vitunguu vyake vya mbegu katika kikwembe, akajifunga kikwembe kiunoni. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nilimbeba mgongoni mdogo wetu Salumu, aliyekuwa bado ananyonya, na Asha, yule aliyenifuata mimi kwa kuzaliwa, alitembea kwa miguu yake. Tuliporudi mjini Asha hakuwa pamoja nasi, tulimzika kule kule. Nyumba tuliikuta haina mabati wala milango. Mama alitua mzigo, akaazima jembe, akapanda vitunguu kabla hatujafagia pa kulala. Baadaye aliwagawia majirani, lakini njaa ilikuwa nyingi, wakavila, na mimi siwezi kuwalaumu.

Basi miaka mingi baadaye mama akafariki, vitunguu vikiwa juu ya moshi na kazi ya kuchagua haijaisha.

Arobaini ilipokaribia, Salumu akasema anakuja kutoka Kinshasa na mke wake Fatuma na wakwe zake, na mimi nikaangalia lile jiko la mama, masizi yananing'inia kama nyuzi, mafungu yale meusi juu ya vichwa vya watu, nikaona haya (wakwe wa Kinshasa, watasema tunaishi namna gani?). Nikavishusha vyote, nikavitia katika kitunga, nikakiweka depo, chumba cha kuwekea vyakula, pembeni ya mfuko wa vitunguu vya karamu vilivyonunuliwa sokoni. Nikafagia uchaga. Nikajisifu hata. Sikumwambia mtu.

Siku yenyewe mimi mfiwa nilikalishwa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, upishi akaushika wifi yangu Fatuma na kundi la mabinti. Walipofungua ule mfuko wa sokoni walikuta maji matupu na harufu. Wafanye nini? Kwenda kunisumbua mfiwa kwa ajili ya vitunguu waliona si heshima, na kitunga kile pale, kimejaa. Fatuma alifanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya.

Mimi nilijua wakati chakula kimeshaanza kugawanywa. Nilikwenda nyuma ya jiko kunawa mikono nikaona maganda chini, mekundu, yenye masizi mgongoni. Nikayaangalia muda mrefu kuliko inavyofaa kuangalia maganda. Nikamuuliza Fatuma vile vitunguu amevitoa wapi.

"Ile ya kitunga?" akasema, na alikuwa amefurahi, masikini. "Ilikuwa muzuri sana, wifi, nguvu kama majiwe. Ile ya kidogo tuliweka muzima ndani ya mchuzi."

Muzima. Neno hilo njo lilinimaliza. Nilijiambia, sijui kwa akili ya nani, kwamba kama havikukatwa basi pengine vya juu juu havijaiva, pengine kimoja au viwili vitaota, nikachukua upawa nikatoka mbio kwenda kule chini ya bashi, lile turubai la kivuli, walikokaa wanaume, ambako mwanamke haingii hovyo siku kama ile, nikawafikia vijana wawili waliobeba sufuria ya mchuzi, nikaushika mshikio ili nitazame ndani, mmoja akashtuka akaachia, na mchuzi ukamwagikia kanzu nyeupe ya Salumu kuanzia kifuani. Na mimi, badala ya kuomba msamaha, nikaona katika sahani ya shehe, juu ya wali, kitunguu kimoja kizima kinang'aa.

Nikakichukua. Kilikuwa cha moto, kikapondeka kati ya vidole vyangu, kikatoka ganda na maji.

Shehe wetu ni mzee mpole. Akanisogezea sahani. "Mwanangu," akasema, "kama njaa imekushika, kaa tukule pamoja."

Afadhali angenifukuza. Nilisimama pale na upawa mkono mmoja na uji wa kitunguu mkono mwingine, nikasikia kutoka upande wa wanawake mtu akisema kwamba huyu anamnyima hata mama yake sadaka. Salumu akanishika mkono akanivuta mpaka nyuma ya jiko, mchuzi unamdondoka.

"Yaya, dada yangu, unatupatisha haya mbele ya watu. Juu ya vitunguu? Kesho nitakununulia mufuko muzima."

Alikuwa mtoto mchanga kule porini, hakuna aliyewahi kumweleza. Mama hakutaka liongelewe, nami nililinyamazia pamoja naye.

"Asha aliomba mbili," nikamwambia. "Kule pori, homa ikiwa imemushika, alikataa kila chakula, akasema kitunguu tu njo atakula. Aliomba mbili, mama akamupa moja."

Salumu akauliza polepole, "Mama alikuwa na ngapi?"

"Kikwembe kilikuwa kimejaa."

Salumu akapiga magoti na ile kanzu yake katika matope ya maji ya vyombo, akaanza kupekua maganda kwa mikono miwili, nami nikapiga magoti pembeni yake. Fatuma akaja kuuliza kuna nini, akainama naye akapekua. Hapo njo nililia. Siku ya mazishi sikulia, watu walinisifu kwa uvumilivu, sasa nililia kwa sauti mpaka wale wa mkekani wakaja kunizunguka.

Tulivipata vichache. Vilikuwa vile ambavyo wapishi walivitupa pembeni kwa sababu havifai, vilivyolegea, vyenye chipukizi ndefu ya kijani. Vile vile ambavyo mama asingevipanda kamwe.

Nikavipanda, ningefanya nini. Viliota vizuri, vilizaa hata, lakini nilipovitundika juu ya moshi vingi vilichipua upesi kama wazazi wao. Nilikwenda kumuomba shehe msamaha akasema yalishapita (ingawa mke wake, nikija sahani zikiwa zipo, husimama katikati yangu nazo). Kule sokoni mpaka leo wapo wanaoniuliza kama leo nimeshiba.

Tangu hapo nimeapa: mbegu haitalala tena katika nyumba moja, nusu yake iko kwa binti yangu anayekaa Kailo, na mgeni akiona masizi juu ya jiko langu ayaone tu, sitayafagia kwa ajili ya mtu. Navibonyeza kwa kidole gumba kama mama. Mwaka huu vigumu vilivyofika mpaka kupanda vilienea katika kiganja kimoja. Mama alianza kazi hii akiwa kijana, mimi nimeianza magoti yanauma, na ninajua vizuri kwamba sitaviona vikifika pale alipovifikisha.

Navipanda tu.