Kikohozi cha Shangazi

Shangazi yangu, fundi cherehani, hajawahi kuonja pombe, na hakuna aliyeruhusiwa kusahau hilo. Walevi wakipita mbele ya kibanda chetu cha kushonea, alisimamisha cherehani ili awasute kwa nafasi. Akimaliza, anakohoa kidogo, anavuta droo na kupiga mafunda mawili ya dawa ya kikohozi.

Kikohozi chenyewe kilianza na mafua. Mafua yakapona, kikohozi kikabaki miaka, na ajabu yake kilimzidia kila chupa ilipokaribia kwisha. Nasi jamaa zake, kwa adabu zetu, hatukumtembelea bila chupa. Mimi nilikuwa nachagua ile kubwa.

Mchana mmoja akasinzia na pasi mkononi. Gauni la bibi harusi likashika moto, meza nayo ikafuata, nikauzima kwa ndoo ya maji. Niliogopa kweli. Kesho yake nikamkokota hadi kliniki.

Daktari, binti ambaye huenda Shangazi ndiye aliyemshonea sare ya shule, alimweleza kwa upole kwamba dawa ile ina kodeini, kemikali inayolevya, ubongo wake umeizoea mpaka hautulii bila hiyo, na huo ni uraibu: ugonjwa, si utovu wa adabu. Asiiache ghafla. Atapunguziwa kidogo kidogo, na kila wiki akae na kikundi cha wenzake. Shangazi akauliza, kwa ukali, wenzake ni akina nani. Siku ya kwanza alipoingia, wawili walisimama kumpisha kiti, na wote wawili alishawahi kuwasuta. Siku hiyo alirudi mpole ajabu.

Wiki zilizofuata zilimtesa. Jasho, maumivu ya mifupa, machozi kwa sababu uzi umekatika. Nilimhurumia sana. Daktari alishasema chupa moja tu ndani ya nyumba ingeweza kumrudisha alikotoka, lakini nani wa kuwaambia wakubwa wa ukoo? Mimi, kwa ujanja wangu, nikawaambia kikohozi kimepona. Wakafurahi, wakaleta chupa za kukizuia kisirudi. Nikawa na kazi ya kuzimwaga.

Jumapili moja alikuja shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, mzee anayeheshimiwa na ukoo mzima. Kabla sijamuwahi, alitoa chupa kwenye koti na kuiweka mezani. Shangazi aliitazama. Mkono wake ukaenda, vidole vikashika kifuniko.

Akaisukuma upande wa pili.

"Shemeji, ondoka nayo. Mimi ni mraibu wa hiyo dawa. Ukiiacha, hutafika hata getini, nitakuwa nimeshaimaliza."

Mzee akairudisha kwenye koti polepole, macho chini. Kisha akauliza ni nani mwingine kwenye ukoo anayejua.

"Ukimwacha huyu, hakuna bado," alisema Shangazi, akinionyesha mimi. "Waambie wewe. Waambie wote. Mimi nimechoka kukohoa."