Mibigili Niliyompandia Jirani

Jirani yetu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, alikuwa mama mmoja kiongozi wa kwaya, na alikuwa mwizi wa ardhi. Kila msimu wa kulima jembe lake lilikula mpaka wa bustani ya mama yangu, unyayo mmoja mwaka huu, mwingine mwaka ujao, hadi mstari mzima wa maharagwe yetu ukawa wake. Mama alipomwuliza, alitabasamu. "Mama, hapa si kwetu Bukavu. Udongo ni ya serikali."

Mama alirudi kwenye jembe lake. Mimi niliweka kinyongo.

Kando ya barabara, kwenye udongo mkavu uliopauka kama chokaa, ilikuwa inaota mibigili ambayo hata mbuzi waliikwepa. Kiangazi nilivuna vichwa vyake vilivyokauka, nikajaza kitenge kizima, vidole vikichanika. Jumapili, yeye akiwa kanisani anaimba, nilizunguka bustani yake yote nikipukuta mbegu. Sijawahi kufurahi hivyo hata siku ya Noeli.

Mvua ziliponyesha, miiba ilijaa katikati ya maharagwe yake. Ukiikata juu, inachipua chini. Kila asubuhi nilikaa mlangoni na chai yangu nikimtazama aking'oa, akinyonya damu kidoleni.

"Pole na kazi, Mama," nilimwambia kwa adabu zote. Moyoni nilisema, mwosha huoshwa.

Baadaye nilihamia Lilongwe, nikawa nashona nguo katika mtaa wa Chinsapo. Huku nyuma jirani akapata safari ya kwenda kuishi ng'ambo. Kabla ya kuondoka alimwomba mama yangu msamaha kwa ule mpaka, akamwachia bustani yake yote. Mama alinipigia simu akilia kwa furaha. Mimi nilikasirika: nani alimruhusu kuwa mwema?

Nilipoenda kumsalimia, nilimkuta Mama anapalilia bustani ile aliyoachiwa. Viganja vyake vilikuwa vimevimba, vimejaa miiba iliyovunjikia ndani.

"Haiishe," alisema. "Ule mama aliniambia kuna mutu alimupandia makusudi."

Nyumbani kwetu Mama husali kabla ya kula nsima, ugali wa huku, nasi huitikia kwa sauti. Usipoitikia, anarudia sala yote.

"Mungu," aliomba jioni ile, "mutu mwenye alipanda hii miiba, mikono yake ikauke."

Akangoja. Niliitazama mikono yangu ninayoshonea.

"Amina," nikasema.