Pua ya Shangazi

Mff!

Pumzi moja fupi ya puani, juu ya ndoo iliyofunuliwa. Nikimkumbuka shangazi, sauti hiyo hutangulia kuja, kabla ya uso wake, kabla ya aproni yake nyeupe iliyonyooshwa pasi utadhani ya daktari. Alikuwa mpokea maziwa kwenye kituo cha wafugaji. Asubuhi walipanga foleni na ndoo zao, naye aliinama, mff!, akatoa hukumu: kubwa, dogo, au nje. Tangi kubwa lilikuwa la maziwa ya kawaida. Tangi dogo lilikuwa la maziwa ya kilimo hai, ya ng'ombe wanaokula majani yasiyopigwa dawa. Nje maana yake mtaroni.

"Bwana wee, ulikuwa unakamua au unafua?"

"Ng'ombe wako anakula nini, magodoro?"

Watu wazima, wenye wajukuu, waliondoka wameinamisha vichwa.

Nyumbani ndiyo usiseme. Mama alinunua maziwa ya pakiti dukani, na shangazi aliishika pakiti ile kwa vidole viwili, kama anayemtoa panya aliyekufa kabatini.

"Wifi, ni nusu bei," mama alisema.

"Kwa sababu ni nusu maziwa."

"Watoto wanakunywa na wanakua."

"Hata magugu yanakua."

Yeye alikunywa ya Majani tu. Majani, ndivyo tulivyomwita, alikuwa kapera mwenye ng'ombe watatu na maneno machache. Viatu vya shangazi vilikuwa vimetoboka soli, lakini chai yake ilikuwa ya maziwa ya kilimo hai, na aliinywa huku akitutazama sisi wengine kana kwamba tumechota vikombe vyetu bwawani.

Kisha mafua yakamlaza wiki mbili. Alipopona, pumzi ilirudi ileile, pengine kali zaidi. Lakini jioni moja maziwa yalifurika jikoni, yakaungua, nyumba nzima ikajaa harufu. Nilitoka mbio chumbani kuiepua sufuria. Shangazi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka jikoni, anasoma gazeti.

"Nini tena?" akauliza bila kuinua macho.

Niliogopa kwa niaba yake. Bila pua ile, shangazi alikuwa mwanamke mwenye aproni tu.

Kesho yake alisahau miwani, nikampelekea kituoni. Majani alikuwa mbele ya foleni, ndoo mkononi, uso umemsawijika.

"Dada, leo naomba kwanza..."

"Weka hapa, acha maneno."

Akafunua. Mff! Akafumba macho, akatabasamu.

"Simameni muone! Haya ndiyo maziwa. Nyie wengine mnaniletea maji yaliyopita karibu na ng'ombe."

Mimi nilikuwa mlangoni, na harufu ilinifikia hapo hapo. Vitunguu. Vitunguu vibichi, vikali, kama mtu amevikatia ndani ya ndoo. Mwanamke wa pili kwenye foleni alijiziba pua kwa kiganja.

"Mama mpokeaji," mzee mmoja akasema kutoka nyuma, "mimi wa tano huku na imenifika!"

Wakacheka. Walikuwa wameisubiri siku hiyo miaka mingi. Shangazi akainua ndoo kuelekea tangi dogo, lililokwisha kujaa nusu. Majani akaishika ndoo.

"Usimimine, dada. Nilikuleteeni muone kwa nini leo sina cha kuuza. Ng'ombe wamevunja ua, wakaingia bustani ya jirani." Akamtazama usoni. "Kwani hujasikia harufu?"

Shangazi akainama tena. Safari hii alivuta pumzi taratibu, ndefu, hadi mabega yakapanda. Kicheko kikakatika chenyewe. Alipoinuka, macho yake hayakutafuta mtu wa kumtukana.

Akaitua ndoo, akamsogelea Majani sikioni. Nilikuwa karibu, ndiyo maana nilisikia.

"Niambie basi," alinong'ona. "Yananuka nini?"